Pangani Ndani ya Kurasa za Wengine

Nilipoanza kuhariri Wikipedia ya Kiswahili, ukurasa wa Pangani ulikuwa na sentensi chache tu. Mji uko mkoa wa Tanga, ni makao makuu ya wilaya, uko pale Mto Pangani unapoingia Bahari ya Hindi, na chini yake idadi ya wakazi kutokana na sensa. Hapakuwa na neno la uongo. Lakini mimi ni mzaliwa wa pale, na nimefundisha historia sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na niliposoma ukurasa ule niliona mji ambao haukuwahi kupatwa na jambo lolote. Pembe za ndovu hazikupita, watumwa hawakuuzwa, miwa haikulimwa kandokando ya mto, Abushiri hakunyongwa. Boma halipo, mkonge haupo, pantoni ya kwenda Bweni haipo. Sensa tu.

Simlaumu mtu. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 kwa juhudi za watu wachache wanaojitolea, na kurasa nyingi za miji na kata zetu zilifunguliwa kwanza kama mbegu, yaani makala fupi inayomsubiri mwenye habari zaidi aje kuiendeleza. Waliofungua ukurasa wa Pangani walikuwa wametimiza sehemu yao. Wenye habari zaidi tulikuwa sisi, tuliokaa na habari hizo vichwani na kwenye madaftari ya kufundishia, tukizitoa darasani kipindi kwa kipindi na kuzifuta ubaoni kengele ikilia.

Nikaandika. Likizo nzima nilikaa na vitabu, nikaupanga ukurasa kwa vichwa vidogo, nikaweka tanbihi kila mahali palipohitaji chanzo, nikapakia picha za majengo ya zamani nilizopiga mwenyewe. Nilipomaliza, mhariri mmoja mzoefu aliniandikia kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Hatujaonana mpaka leo. Alinishukuru, akanirekebishia mpangilio wa tanbihi, kisha akaniuliza: je, umebonyeza “Viungo viungavyo ukurasa huu”?

Nikabonyeza. Hapo ndipo programu inapokuorodheshea kurasa zote nyingine ambazo msomaji akizisoma anaweza kuletwa kwenye ukurasa wako. Orodha ya Pangani ilikuwa karibu yote ni kata za wilaya ileile, na orodha ya wilaya za Tanzania. Maana yake ni kwamba mtu angefika Pangani iwapo tu tangu mwanzo alikuwa akiitafuta Pangani. Na ni nani anayeitafuta? Sisi wenyewe, ambao tayari tunaijua, na mtalii anayetaka kujua kama kuna hoteli.

Swali lile ndilo limeongoza kazi yangu tangu siku hiyo. Watu hawaamki asubuhi wakasema leo nisome habari za mji mdogo wa pwani ya Tanga. Wanasoma habari za Kilimanjaro, za Mkwawa, za mkonge, za biashara ya utumwa, za umeme wa maji. Mji mdogo umo ndani ya mambo hayo yote, ila haukutajwa. Basi kazi ya mwandishi wa historia ya kwao si kuupamba ukurasa wa kwao peke yake. Ni kwenda kwenye kurasa za mambo makubwa, kutafuta mahali ambapo mji wake umeyagusa kwelikweli, kuongeza pale sentensi yenye chanzo, na kufunga kiungo.

Kiungo chenyewe ni chepesi mno kutengeneza. Neno unaliweka ndani ya mabano ya mraba, mawili huku na mawili huku, unachapisha, basi. Ukurasa ukiwepo, neno linakuwa la buluu. Usipokuwepo, linakuwa jekundu. Ugumu uko kwenye kujua kiungo kiende wapi na kwa sababu gani, na hapo ndipo ualimu wangu wa historia ulipopata kazi mpya.

Chukua Hans Meyer. Wanafunzi wetu wanalijua jina hilo: Mjerumani aliyefika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Wasichoambiwa ni alikuwa wapi mwaka mmoja kabla. Mwaka 1888 Meyer alikuwa akitoka Usambara kurudi pwani, akifuatana na Oscar Baumann, mchoraji ramani. Ni miezi ileile ambayo Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuja kushika utawala wa pwani baada ya kukodishiwa na Sultani Khalifa wa Unguja, na Pangani ikakataa. Meyer na Baumann wakaangukia mikononi mwa watu wa Abushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani ule, wakafungwa minyororo, wakakaa mateka hadi walipokombolewa kwa fedha. Baumann akaja kuandika kitabu kikubwa juu ya Usambara, kilichotoka mwaka 1891. Meyer akarudi mwaka uliofuata kupanda mlima, na wakati anasimamisha bendera ya nchi yake kule juu, Abushiri alikuwa bado yuko vitani huku chini.

Habari hizi ziko vitabuni zamani. Lakini kwa Kiswahili, ukurasa wa mlima ulikuwa wa mlima, ukurasa wa vita ulikuwa wa vita, na hakuna uzi uliopita kati yake. Nilipoongeza sentensi kwenye ukurasa wa Meyer, na nyingine kwenye ukurasa wa Abushiri, na kuzifunga zote mbili kwa Pangani, niliwapa wanafunzi wangu kazi ya nyumbani: anza Kilimanjaro, fika Pangani bila kuandika neno lolote kwenye kisanduku cha kutafutia. Walifika wote, na walikuja darasani na maswali ambayo katika miaka yangu ya chaki sikuwahi kuulizwa. Kwa nini Meyer hakuogopa kurudi? Fidia ile ililipwa na nani? Kama Abushiri angemuua, mlima ungepandwa na nani?

Mwingine ni Emil von Zelewski. Huyu ndiye aliyekuwa mwakilishi wa kampuni pale Pangani Agosti 1888, aliyeshikilia bendera ya kampuni ipandishwe, akawadharau liwali na watu wa mji hadi wakamgeuka. Na huyohuyo ndiye kamanda aliyeuawa Lugalo, karibu na Iringa, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa lilipouvamia msafara wake. Nimefundisha Lugalo na nimefundisha Pangani mara nyingi, kama sura mbili tofauti za kitabu kimoja cha kiada, na kitabu chenyewe hakikusema popote kwamba mtu ni yuleyule. Mwanafunzi wa Iringa anayesoma habari za Mkwawa sasa anabonyeza jina la Zelewski na kujikuta ufuoni kwetu miaka mitatu nyuma, akiona mtu huyo alianzaje.

Nimejifunza kwamba ukifuata watu namna hii, historia ya mahali inaacha kuwa mali ya mahali pale tu. Ukifuata vitu, inapanuka zaidi.

Kitu kikubwa cha kwetu ni mkonge. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ileile ya Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Asili ya mmea ni Yucatán, Meksiko. Safari ilikuwa ndefu, na miche iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa Kikokwe, karibu na mji wa Pangani. Mashamba yote ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Muheza, Kilosa, Morogoro, na yale yaliyovuka mpaka kwenda Kenya, yana asili yake katika miche hiyo. Katika miaka ya kuelekea uhuru Tanganyika ilikuwa nchi ya kwanza duniani kwa kuzalisha mkonge. Hebu fikiria: kitu kilichojenga reli ndogondogo, makambi, miji na bajeti ya nchi nzima kilianzia kwenye kijishamba kimoja kando ya mdomo wa mto wetu, na ukurasa wa Kikokwe haukuwepo.

Niliufungua mimi. Ulikuwa kiungo chekundu ndani ya ukurasa wa Pangani, nikaubonyeza, nikaandika aya mbili zenye tanbihi, nikachapisha, ukawa wa buluu. Kisha nikaenda kwenye ukurasa wa mkonge, ambao ulikuwa umeeleza vizuri mmea wenyewe, nikaongeza habari za Hindorf na kiungo cha Kikokwe. Baada ya hapo nikaenda kwa manamba. Vibarua hawa waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi, Msumbiji, na kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha, SILABU. Huwezi kuandika habari za manamba ukabaki Tanga. Unajikuta unafunga viungo kwenda Kasulu na Kibondo, na siku moja mtu wa Kasulu anaongeza upande wake, namna vijana walivyoondoka kule na namna vijiji vilivyobaki bila wanaume.

Ni kwenye mkonge pia ndiko nilikojifunza kazi ya picha. Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, Bundesarchiv, ilitoa picha zaidi ya 80,000 kwa Wikimedia Commons, hazina ya picha na sauti ambayo Wikipedia za lugha zote huchota kwake. Ndani yake zimo picha za Walther Dobbertin, Mjerumani aliyezunguka na kamera nchini mwetu hadi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Bandari, askari, masoko, mashamba, korona za kuchakata mkonge. Maelezo yaliyoambatana nazo ni ya Kijerumani, mafupi, na ni ya macho ya mgeni. Mtu yeyote anaruhusiwa kuongeza maelezo ya Kiswahili chini yake. Nilipoanza, karibu hakuna aliyekuwa ameyaongeza.

Nilichukua kompyuta yangu ndogo nikaenda nayo kwa mzee mmoja aliyefanya kazi kwenye korona tangu ujana wake. Alikuwa barazani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mwalimu. Umeniletea sinema?”

Nikamwonyesha picha ya watu wakianika singa kwenye kamba ndefu za uwanjani. Aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Akanyamaza kidogo, kisha akaweka kidole juu ya mtu mmoja.

“Huyu si mwanikaji,” akasema. “Huyu nyapara.”

Nikamuuliza kajuaje, kwa kuwa kavaa kama wenzake.

“Tazama mikono yake. Mitupu. Na kasimama pembeni pa kivuli. Mwanikaji hana muda wa kusimama namna hiyo, singa mbichi zinamngoja.” Akasogeza kidole. “Na huyu mtoto hapa, huyu anaokota zilizoanguka. Hata zama zetu walikuwepo.”

Niliitazama picha ile mara nyingi kabla, na mtoto sikumwona. Nikaandika maelezo: watu wakianika singa za mkonge, kwa mujibu wa mfanyakazi wa zamani wa mashamba ya Pangani, aliyesimama kulia huenda ni nyapara, na mtoto aliye chini anaokota singa zilizoanguka. Neno “huenda” mzee hakulipenda. Alisema hana wasiwasi. Nilimweleza kwamba hatujui mtu yule aliitwa nani wala alitoka wapi, na kwamba atakayekuja baadaye na ushahidi mwingine lazima akute mlango wazi. Akakubali, ila akanitaka niandike kwamba aliyesema amefanya kazi hiyo kwa mikono yake. Nikaandika.

Hapa inabidi nieleze jambo linalowakatisha tamaa wengi wanaoanza. Wikipedia haipokei maneno ya bibi yako kama chanzo. Inataka kitu kilichochapishwa mahali ambapo mwingine anaweza kwenda kukihakiki. Kwa historia ya pwani sharti hili linauma, kwa sababu vilivyochapishwa zamani vingi viliandikwa na wageni: Richard Burton, aliyepita Pangani mwaka 1857 akiwa na mwenzake Speke; Baumann; maofisa wa Kijerumani. Wazee wetu walijua zaidi, na wao hawana tanbihi. Nimeona walimu wenzangu wakiandika ukurasa mzuri, ukafutwa nusu yake kwa kukosa vyanzo, wakaondoka na hawakurudi tena.

Mimi nimeona heri kufanya kazi pande mbili. Kwenye makala naandika kile tu chenye chanzo. Maneno ya wazee nayarekodi kwa simu, kwa ridhaa yao, na yale wanayoruhusu nayapakia Commons kama sauti, nikiandika tarehe, mahali, na msemaji anajuaje anachokisema. Rekodi hiyo haibadiliki kuwa ushahidi wa kila neno lililomo. Lakini ipo, inasikika, na mtafiti wa kesho anayeandika kitabu anaweza kuitumia. Kitabu chake kikitoka, makala nayo itakuwa na chanzo. Ni njia ya mzunguko, na inahitaji subira. Sijaona njia ya mkato isiyoharibu kitu.

Wala vyanzo vyetu vilivyoandikwa si haba kama inavyodhaniwa. Vita ya Abushiri ina utenzi wake, *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima*, alioutunga Hemedi bin Abdallah el-Buhry, mtu wa pwani hiihii, wakati habari bado mbichi, na baadaye ukachapishwa kwa kazi ya J. W. T. Allen. Nilipoutaja kama chanzo kwenye ukurasa wa vita, sambamba na vitabu vya Wajerumani, nilifurahi kuliko siku niliyomaliza ukurasa mzima wa mji.

Kuna mambo yenye vyanzo ambayo bado yanataka busara. Pangani ilikuwa bandari ya watumwa, na mashamba ya miwa ya bonde la mto yalilimwa na watumwa. Mwanahistoria Jonathon Glassman ameandika juu ya uasi wa watumwa wa mashamba hayo mwaka 1873, na kitabu chake *Feasts and Riot* cha mwaka 1995 kinahusu mji wetu na jirani zake kwa kina kisicho na mfano. Niliona uasi ule ni jambo la kujivunia. Watu waliovunja minyororo yao miaka mingi kabla ya sheria kuwavunjia, na mjini kwetu hakuna hata kibao kinachowakumbuka. Nilitaka uwe na ukurasa wake, wenye viungo kwenda ukurasa wa utumwa Afrika Mashariki na ule wa mkataba wa mwaka huohuo uliofunga soko la Unguja.

Kabla ya kuuchapisha nilikwenda kwa mama mmoja mtu mzima, rafiki wa marehemu mama yangu, ambaye namwita shangazi. Nilimsomea aya zote. Alisikiliza akichambua mchele, mkono haukusimama.

“Waandike,” akasema nilipomaliza. “Walikuwepo, na walifanya walichofanya. Lakini usiandike nani ni mjukuu wa nani. Watu wanaoana hapa, mwanangu.”

Sentensi hiyo ya mwisho nimeifanya kanuni. Naandika tukio, mwaka, shamba, sababu. Siandiki koo za walio hai, wala upande upi wa uasi babu zao walikuwa. Na kijana mmoja alipoongeza chini ya ukurasa orodha ya nyumba za waungwana na nyumba za watumwa, bila chanzo chochote, niliiondoa siku ileile na nikamwandikia sababu kwa upole kwenye ukurasa wa majadiliano. Alikasirika kwanza. Aliona nafunika historia. Tulijibizana kwa muda, naye akaelewa kwamba ukurasa huu unasomwa na mchumba wa mtu aliye Muscat na mwajiri wa mtu aliye Dar es Salaam, na jina likishawekwa pale hakuna wa kulifuta vichwani mwao. Leo ni mmoja wa wahariri makini kabisa ninaowajua.

Abushiri mwenyewe ndiye mwenye mabishano mengi. Huyu anakuja na kuandika “shujaa wa Afrika”, yule anafuta na kuandika “mfanyabiashara ya watumwa”. Ukifungua historia ya ukurasa unaziona nyayo zao, huku na huku. Wote wawili wana kitu cha kushika. Alikuwa mwenye shamba la miwa na watumwa, na aliongoza vita ambayo watu wa kila hali kutoka pwani na bara walipigana dhidi ya uvamizi, hadi kamanda wa Kijerumani Wissmann alipomnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Msimamo wangu ni kwamba msomaji apewe yote mawili kwa mpangilio wa matukio, kila moja na tanbihi yake, na neno la sifa au la lawama lisipewe nafasi ya sentensi ya kwanza. Msomaji wa Kiswahili si mtoto. Akipewa habari kamili atahukumu mwenyewe, na hukumu yake itakuwa na mizizi.

Kuna kazi nyingine ndogondogo zisizo na sifa ambazo bila hizo viungo vyote ni bure. Pangani si moja. Nairobi wana Pangani yao, mtaa wa zamani wa Waafrika uliovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wakazi wake kuhamishiwa Shauri Moyo, na leo eneo hilo lina shule ya wasichana inayojulikana Kenya nzima. Viungo vya wasichana wale vilikuwa vikiishia kwenye sensa ya wilaya yetu. Ukurasa wa kutofautisha maana umeondoa usumbufu huo kwa pande zote. Kuna majina yenye tahajia nyingi: Abushiri, Bushiri, Kikokwe, Kikogwe, kila moja linahitaji elekezo ili anayelijua kwa namna moja asikose kilichoandikwa kwa namna nyingine. Na kuna viungo vya nje vinavyokufa. Ripoti ya wizara uliyoitaja mwaka huu inaweza isifunguke mwaka kesho, kwa hiyo kila ninapoweka kiungo cha nje nahifadhi na nakala yake kwenye Internet Archive, na anwani ya nakala naiweka pembeni ya ile ya asili. Ni dakika moja ya bando. Anayeiacha dakika hiyo anamwachia msomaji tanbihi isiyo na kitu nyuma yake.

Mto ndio uliobaki kuwa furaha yangu. Maji yanayopita mbele ya Boma letu yametoka Kilimanjaro na Meru, yakakutana Nyumba ya Mungu, yakateremka Korogwe, yakazungusha mitambo ya Hale iliyoanza mwaka 1964 na ile ya maporomoko ya Pangani ya mwaka 1995, ndipo yakafika kwetu. Nimeunga kurasa hizo zote, kituo kwa kituo, kutoka theluji hadi chumvi. Mkulima wa Moshi na mvuvi wa Bweni wanagombania maji ya mto mmoja bila kujuana, na niliona inafaa walau kurasa zao zijuane.

Vijana niliowafundisha sasa wanaandika vijiji vyao: Mwera, Mkwaja, Kipumbwi. Wa Kipumbwi alinipigia simu usiku kulalamika kwamba hana chanzo hata kimoja. Nikamwambia aache kutafuta jina la kijiji peke yake, atafute majahazi, chumvi, misikiti ya kale, njia ya Unguja. Kesho yake jioni alikuwa na vitatu.

Mimi niko kwenye Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya pwani yetu. Kilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1975 kwa sababu kasa walikitegemea kutagia. Wakati huo kilikuwa na mivinje. Kufikia miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha na mchanga umeanza kuzama maji yakijaa, na mayai ya kasa wanaotaga pale sasa huhamishiwa ufuoni Ushongo yasife. Vyanzo ninavyo, viungo vya kasa, matumbawe na mabadiliko ya tabianchi nimeshavifunga. Picha ninazo za mchanga mtupu tu. Waliokwenda Maziwe kwa mashua miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, kwa mandari, kwa uvuvi, kwa safari za shule, wako wengi Pangani na Tanga, na baadhi yao wana albamu kabatini. Mwenye picha ya mivinje ile, iwe imechakaa vipi, aipige kwa simu mchana penye mwanga, aipakie Commons kwa jina lake mwenyewe akiwa ndiye aliyeipiga, au kwa ruhusa ya aliyeipiga, na aandike mwaka kwa kadiri anavyoukumbuka. Ukurasa uko tayari, na nafasi ya picha nimeiacha upande wa kulia, juu.